Mto Mulongwe na Nyumba za Uvira



Kila tunapozungumza juu ya maji katika vikundi vyetu, mazungumzo huanzia kwenye robine iliyokauka na kuishia kwenye lawama. Mmoja humlaumu mwenye mamlaka, mwingine humlaumu jirani aliyejenga ukingoni mwa mto, mwingine humlaumu mchoma makala wa mlimani. Katika tafakari hii tunapenda kurudi nyuma zaidi ya lawama hizo. Robine iliyokauka ina historia, na historia hiyo kwa sehemu kubwa ni historia ya makazi: nani aliruhusiwa kukaa wapi, nani alikuwa na haki ya kugawa ardhi, na nani hakutengewa mahali popote. Tumechagua mji mmoja, Uvira, kwa sababu huko mto uleule unaowanywesha watu ndio uliowaua, na kwa sababu yaliyotokea huko yanaweza kutokea Bukavu, Kalemie au popote penye mlima, maji na watu wengi.

Yeyote aliyeshuka kutoka Bukavu kwa njia ya Kamanyola na kupita uwanda wa Ruzizi anajua jinsi mji huu ulivyobanwa. Mashariki kuna Ziwa Tanganyika. Magharibi milima ya Mitumba inapanda ghafla kama ukuta, ikipita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa lenyewe liko kwenye mita 770 hivi. Kati ya ukuta na maji kuna ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, na mji umejipanga humo kwa urefu, kutoka Kavimvira upande wa kaskazini hadi Kalundu penye bandari, upande wa kusini. Mito mifupi inaukata ukanda huo: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge na mingine midogo. Wakati wa kiangazi inaonekana kuwa ya upole. Katika Mulongwe, pale unapotoka mlimani, ndipo Regideso huchota maji ya mji.

Ardhi hiyo tambarare haikuwepo tangu mwanzo. Mto unaposhuka katika bonde lenye mteremko mkali huwa na nguvu ya kubeba mawe, changarawe na udongo. Ukifika chini, mahali palipo wazi, nguvu hupungua na mzigo hutuliwa. Mvua baada ya mvua, karne baada ya karne, mzigo huo hujijenga kuwa ardhi yenye umbo la upepeo. Tena, juu ya ardhi ya namna hiyo mto hauna mkondo wa kudumu. Ukijizibia njia kwa mawe yake wenyewe, huhamia pembeni. Uvira imesimama juu ya kazi ya mafuriko ya zamani. Kwa hiyo tunaposema kwamba mto "uliingia" mitaani, yafaa tukumbuke ni nani aliyekuwepo kwanza.

Ziwa nalo halikai mahali pamoja. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke waliwasili Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile, na Uvira wakati huo ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara upande wa kaskazini wa ziwa. Wenyeji, wakiwemo wana wa mtawala wa pale, waliwaambia wazi kwamba Ruzizi huingia ziwani wala hautoki. Wageni walihuzunika, lakini wenyeji walisema kweli. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwenye mdomo wa mto na kuthibitisha. Miaka michache baadaye jambo jingine lilijulikana. Cameron aliufikia Lukuga mwaka 1874, Stanley akaukuta umezibwa kwa udongo na mafunjo mwaka 1876, na mwaka 1879 mmisionari Edward Hore akauona ukitoka ziwani kwa nguvu. Kizibo kilikuwa kimebomoka, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa mita kadhaa. Maana yake ni kwamba sehemu za chini za pwani, ambazo babu zetu walizikuta kavu na kuzilima, zilikuwa chini ya maji siku chache tu zilizopita, kama tukihesabu siku kwa kalenda ya ziwa. Katika miaka ya 1960, baada ya mvua nyingi, maji yalipanda tena. Yamepanda tena kuanzia mwaka 2020, na mwaka 2024 yalizifunika nyumba, barabara na sehemu za bandari.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu bila hayo hatuwezi kuwaelewa watu wa Uvira. Ziwa likipanda, wenye nyumba za chini hutafuta mahali pa juu. Mto ukifurika, wa juu hutafuta mahali pa chini. Mji wenye ukanda mmoja mwembamba hauna upande wa tatu.

Sasa tuje kwenye sheria. Wengi wetu tunadhani kwamba ulinzi wa vyanzo vya maji ni wazo jipya lililoletwa na mashirika ya siku hizi. Sivyo. Tarehe 1 Julai 1914, wiki chache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya koloni ilitoa amri juu ya uchafuzi wa chemchemi, maziwa na mito. Mwaka 1939 ikaundwa Regideso ili igawe maji katika miji ya koloni. Mwaka 1952 zikatoka sheria nyingine, mwezi wa Mei na mwezi wa Desemba, zikihusu matumizi ya maji, ulinzi wa chemchemi na wa maji yaliyo chini ya ardhi, na upotevu wa maji. Tarehe 20 Juni 1957, miaka mitatu tu kabla ya uhuru, ikatoka dekreti ya mipango ya miji, ambayo ilibaki msingi wa mipango ya miji yetu kwa miongo mingi baada ya Wabelgiji kuondoka. Kwa hiyo karatasi hazikukosekana.

Lakini tujiulize jinsi karatasi hizo zilivyofanya kazi. Katika miji ya koloni kulikuwa na mistari ya aina mbili. Mstari mmoja ulichorwa kuzunguka maji. Mstari mwingine ulichorwa kuzunguka watu, na huo wa pili ndio uliokuwa na nguvu. Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ni mfano unaojulikana: mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waafrika waliondolewa karibu na mji wa Wazungu na kuwekwa katika Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, na kati ya pande mbili ukaachwa ukanda mtupu usiojengwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu wa malaria wasiruke kutoka kwa hawa hadi kwa wale. Yaani mamlaka iliweza kabisa kulinda ardhi tupu katikati ya mji dhidi ya nyumba, kwa miaka mingi, kwa ramani, walinzi na adhabu. Iliilinda ili watu watengane na watu. Tunalisema hili bila uchungu wa bure, kwa sababu wengine hupenda kusema kwamba Mkongo hawezi kuheshimu mpaka wa mji. Mipaka iliheshimiwa sana, ila haikuwekwa kwa faida ya wote.

Pamoja na ukanda huo kulikuwa na kizuizi cha safari. Mtu wa kijiji hakuwa huru kuhamia mjini apendavyo. Alihitaji kibali, na asiye na kibali wala kazi alirudishwa kwao. Tangu mwaka 1931 makao maalumu ya Waafrika yaliwekwa nje ya mamlaka ya kimila katika miji mingi, na kila kichwa kilihesabiwa. Hivyo milima iliyokuwa juu ya vyanzo vya maji ilikaa kimya. Lakini ilikaa kimya kwa sababu watu walizuiwa, wala si kwa sababu mtu alikuwa amefikiri watakaa wapi siku watakapokuja. Hapa, kwa maoni yetu, ndipo kosa lilipopandwa. Mpango wa kulinda maji ambao hautaji mahali pa kujenga nyumba ni nusu ya mpango, na nusu hiyo hudumu kwa muda ule tu ambao askari anasimama njiani.

Mwaka 1960 askari aliondoka njiani. Uhuru wa kusafiri ulikuwa haki, na tunaushukuru. Uvira ilikuwa na vivutio vyake: bandari ya Kalundu, uwanda wenye rutuba, kiwanda cha sukari cha Kiliba kilichoanza katika miaka ya 1950, soko la Bujumbura ng'ambo ya mpaka. Kisha zikaja sababu zisizo za hiari. Mwaka 1964 uasi uliuteka mji. Mwaka 1972 na tena mwaka 1993 maelfu walikimbia mauaji ya Burundi. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilivyobadilisha nchi nzima vilianzia katika eneo hilohilo, na kuanzia mwaka 1998 vikarudi. Kila mara watu wa milimani na wa uwandani waliukimbilia mji, kwa kuwa penye watu wengi, penye hospitali na penye kanisa, mtu huona ana nafasi ndogo zaidi ya kuuawa usiku. Aliyekuja na watoto na sufuria moja hakuuliza ramani ya mwaka 1957.

Aliuliza kiwanja. Na swali la kiwanja lilikuwa limevurugwa na sheria yenyewe. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya Leta, mali isiyouzwa wala kuhamishwa. Kuhusu ardhi za jumuiya za wenyeji, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki zao zingepangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa. Kwa miaka mingi, basi, mlima mmoja ulikuwa na wenyewe wawili. Mwenye mamlaka ya kimila aliendelea kugawa kwa desturi, akipokea alichopokea. Ofisi za serikali ziliendelea kutoa hati kwa mujibu wa sheria. Mnunuzi aliyempata wa kwanza aliona amenunua kihalali mbele ya mashahidi. Mnunuzi aliyempata wa pili alikuwa na karatasi yenye mhuri. Wakati mwingine wote wawili walipewa parseli ileile, na wakati mwingine parseli hiyo ilikuwa mahali ambapo hapakupaswa kugawiwa na yeyote. Kulipokuwa na wagawaji wawili hapakuwa na mlinzi hata mmoja, kwa maana kila mmoja aliona kwamba asipouza yeye, mwenzake atauza.

Tusidanganyane pia: si kila aliyejenga karibu na mto katika miji yetu ni maskini aliyekimbia vita. Kuna nyumba za matofali ya kuchoma, zenye ukuta na lango la chuma, zilizosimama mahali palepale, na wenyewe walikuwa na uwezo wa kuchagua. Maskini hujenga pale kwa sababu ni rahisi. Mwenye fedha hujenga pale kwa sababu anaamini hakuna atakayemgusa. Tunapozungumza juu ya haki katika jambo hili, wawili hao hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja.

Nyumba zilizo juu ya mahali pa kuchotea maji hudhuru maji kwa namna mbili, na ya pili haionekani kwa haraka. Ya kwanza ni ile inayojulikana: vyoo, taka, mifugo, nguo zinazofuliwa mtoni. Ya pili ni udongo. Mlima uliofunikwa na miti na nyasi hupokea mvua taratibu. Maji huzama ardhini na kutokea baadaye kama chemchemi, ndiyo maana mto hauishi wakati wa kiangazi. Mlima uliokatwa miti kwa ajili ya makala, ukalimwa mihogo hadi kwenye mteremko mkali, ukachimbwa kwa ajili ya misingi ya nyumba, huitupa mvua yote chini kwa saa moja pamoja na udongo wake. Maji yanayofika kiwandani ni kama uji mwekundu. Ili kuyasafisha ni lazima kutia dawa inayokusanya chembe za udongo, kuyaacha yatulie, kuyachuja, ndipo klorini itiwe. Udongo ukizidi, mabwawa ya kutulizia na vichujio hulemewa. Kibaya zaidi, vijidudu hujificha ndani ya chembe za udongo na klorini haivifikii. Basi mwenye mtambo ana njia mbili: kusambaza maji asiyoyaamini au kuyafunga. Akiyafunga, mji hukauka siku ya mvua kubwa, jambo ambalo wengi wetu tumeliona kuwa kichekesho, na kumbe lina sababu.

Robine ikikauka, watu hawaachi kunywa. Mama na binti zake hubeba bidoni na kwenda ziwani au mtoni. Na katika Uvira kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa tangu kilipoingia mashariki mwa nchi yetu katika miaka ya 1970. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha London kinachoshughulikia usafi na magonjwa ya nchi za joto walichapisha utafiti juu ya mji huu. Walilinganisha, kwa miaka ya 2009 hadi 2014, siku ambazo mtambo ulitoa maji na siku ambazo watu waliletwa kituo cha matibabu wakishukiwa kuwa na kipindupindu. Waliona kwamba siku moja isiyo na maji ya robine ilifuatwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la wagonjwa la zaidi ya mara mbili. Maji yalikatika kwa sababu kadhaa, umeme ukiwa mojawapo. Hata hivyo hesabu hiyo inatuonyesha uzito wa jambo: umbali kati ya mtambo kufungwa na mtoto kulazwa ni chini ya wiki mbili. Baadaye kazi kubwa ya kupanua mtambo na mabomba ya Uvira ilifanyika kwa msaada wa Ufaransa, Umoja wa Ulaya na wakfu wa Veolia.

Ndipo ukaja usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Dunia nzima ilikuwa imefungiwa nyumbani kwa sababu ya Korona. Mvua ilinyesha mlimani, Mulongwe ukashuka na mawe makubwa, na mito mingine ya mji ikafurika pamoja nao. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yaliharibiwa, na watu kwa makumi elfu walibaki bila makao. Mto ulipita pia katika mitambo ya maji na kuiharibu, hivyo mji ulioloana kila mahali ukawa hauna maji ya kunywa. Mchanganyiko wa sababu ni mrefu: mvua isiyo ya kawaida, mlima uliovuliwa nguo zake, mkondo uliobanwa na kuta za nyumba pande zote mbili hata maji yakakosa mahali pa kupanuka. Na chini ya sababu zote hizo kuna ile tuliyoitaja mwanzoni, kwamba mahali pale ni pa mto tangu zamani. Miti mingi ingepunguza mauti, lakini hakuna msitu unaoweza kuufanya upepeo wa mto kuwa uwanja salama wa kujenga.

Baada ya msiba kama huo, neno linalosikika kwanza ni "bomoeni". Tunalielewa. Mlima ule hauwezi kubeba nyumba na maji kwa pamoja, na anayesema kwamba kila mtu aachwe alipo kwa jina la huruma anamwachia mafuriko kazi ya kubomoa. Lakini tunaiona pia historia tuliyoisimulia. Familia inayoondolewa ukingoni bila kupewa mahali itapanda juu zaidi, nyuma ya mtambo, pasipoonekana, na kutoka huko itachafua maji mapema zaidi kuliko mwanzo. Hilo si jambo la kukisia. Ndivyo watu wanavyofanya mahali popote wanapofukuzwa bila kuelekezwa. Kubomoa kunakotangulia kiwanja kipya ni kuhamisha tatizo kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, na gharama yake hulipwa na yule aliyekwisha kupoteza nyumba mara moja kwa vita na mara ya pili kwa maji.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawageukia kondoo wenyewe baada ya kuwakemea wachungaji. Anawauliza wanyama walionona kama haiwatoshi kunywa maji safi, hata wayavuruge kwa miguu yao yale yanayobaki, na kondoo wengine walazimike kunywa yaliyokanyagwa. Kwa kawaida tunaisoma sura hiyo kama maneno kwa viongozi, na ni kweli. Lakini nabii anazungumza pia na wale wa juu dhidi ya wale wa chini, ndani ya kundi lilelile. Kwa mji ulio chini ya mlima, usomaji huo ni wa kawaida kabisa: anayekaa juu ya mto ananywa kwanza, na miguu yake iko ndani ya kikombe cha anayekaa chini. Na bado nabii hasemi wa juu wauawe au watupwe. Anasema Mungu mwenyewe ataamua kati ya kondoo na kondoo, yaani kuna hukumu ya kutoa, kuna pande mbili za kusikilizwa.

Je, pande mbili hizo zimewahi kusikilizwana mahali popote? Tunao mfano mmoja, wa mji wenye uwezo ambao Uvira haina, lakini njia yake ina mafundisho. New York hunywa maji yanayotoka milimani mbali na mji. Kati ya mwaka 1907 na 1915 mji huo ulijenga bwawa la Ashokan katika milima ya Catskill, na ili kulijaza ukawaondoa watu wapatao 2,000 vijijini mwao. Hata makaburi yalihamishwa. Uchungu huo ulirithiwa na wajukuu. Ilipofika miaka ya 1990, serikali ya nchi iliutaka mji ama ujenge mtambo mkubwa wa kuchuja, wa gharama ya mabilioni ya dola, ama uthibitishe kwamba milima yenyewe inalindwa. Safari hii mji haukuweza kufukuza tena, kwa kuwa vijiji vya juu vilikuwa vimejipanga na kukataa. Mwaka 1997 walitia sahihi mapatano. Mji ulikubali kugharimia ukarabati wa mashimo ya maji machafu ya wanavijiji, kuwasaidia wakulima waweke mifugo mbali na vijito, na kununua ardhi nyeti kutoka kwa anayetaka kuuza tu. Wa chini anamlipa wa juu ili wa juu asimchafulie, na hiyo imekuwa rahisi kuliko mtambo.

Fedha za New York hatunazo. Lakini uhusiano wenyewe hauhitaji dola kuanza. Mwanamke anayelima mihogo juu ya Mulongwe anaujenga au anaubomoa mtambo wa maji kila siku kwa jembe lake, na hakuna bajeti hata moja inayomtambua kama mfanyakazi wa maji. Akipewa miche, akipewa jiko linalokula makala kidogo, akihakikishiwa shamba lake dogo uwandani, ana sababu ya kuuacha mteremko upumzike. Asipopewa kitu, tunamwomba awe mtakatifu kuliko sisi.

Mwaka 2015 una mambo mawili yanayokaa pamoja vizuri. Mwezi wa Mei Baba Mtakatifu Fransisko alitia sahihi waraka wake Laudato Si', ambao katika namba 27 hadi 31 unafundisha kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa kuwa uhai wenyewe unayategemea. Tarehe 31 Desemba ya mwaka uleule nchi yetu ikapata sheria mpya ya maji, namba 15/026, yenye kanda za ulinzi kuzunguka mahali pa kuchotea maji. Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuweka, katika kifungu cha 48, haki ya makazi yanayostahili na haki ya maji ya kunywa ndani ya sentensi moja. Hatujui kama waliokiandika walifikiri sana juu ya ujirani huo, lakini umekaa mahali pake: makazi na maji viliandikwa pamoja, na katika milima yetu vimetenganishwa na kila ofisi iliyoshughulikia kimoja na kukisahau kingine.

Kwa vikundi vya vijana, vya Xaveri, Kiro, skauti na vinginevyo, tunapendekeza kazi moja kabla ya kupanda miti, ambayo huwa tunaipenda kwa sababu inapigwa picha. Nendeni, pamoja na paroko na wawakilishi wa jumuiya hai, kwa wahusika wa maji na wa ardhi wa mji wenu, mkaulize kwa heshima mpaka wa ulinzi wa chanzo chenu cha maji umepita wapi. Kisha mwende kuutafuta mlimani kwa miguu, mkiwa na mzee anayeijua ardhi ile na mtu wa ukoo wenye mamlaka ya kimila. Desturi zetu zina miti ya mipaka ambayo mkulima huiheshimu kuliko jiwe la saruji lenye namba. Mzee atawaambia ni ipi. Hesabuni nyumba zilizo ndani ya mpaka, ongeeni na wenyewe, mwandike walitoka wapi na mwaka gani, na nani aliwapa kiwanja. Mkirudi ofisini na daftari hilo, ulizeni swali la pili, lile ambalo ramani za mwaka 1957 hazikulijibu: watu hawa wametengewa wapi, na parseli hizo zimepimwa tayari au bado.